Mshindo wakati wa kubadili gia: chanzo chake na namna ya kulikagua gari kabla ya safari

Dereva anapoachia klachi na kusikia kitu kikigonga chini ya gari, mara nyingi huendelea na safari kwa sababu gari bado linavuta na mzigo unasubiriwa. Mshindo mmoja unaosikika kila gia inapobadilishwa hauonekani kuwa jambo la kusimamisha lori lenye mzigo wa tranziti. Hata hivyo, mshindo huo ni taarifa. Wakati mwingine unasema tu kwamba gari limezeeka. Wakati mwingine unasema kwamba propela shafti inakaribia kukatika, au kwamba gia itachomoka yenyewe gari likiwa kwenye mteremko.

Makala haya yanaeleza sababu za mshindo katika magari ya gia za mkono, kuanzia magari madogo ya mizigo hadi malori ya tela, na namna dereva na utingo wanavyoweza kutafuta chanzo kabla ya kumwita fundi.

KWA NINI GARI HUGONGA

Nguvu ya injini husafiri kupitia vipande vingi kabla ya kufika kwenye magurudumu. Inatoka kwenye flaiwili, inapita kwenye klachi, inaingia giaboksi, inafuata propela shafti na krosi zake, inaingia kwenye difu, kisha hafu shafti huifikisha kwenye matairi. Kila mahali vipande viwili vinapokutana pana nafasi ndogo. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwani bila hiyo meno ya gia yangebanana na kupata moto.

Dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, nguvu hubadili mwelekeo. Badala ya injini kusukuma magurudumu, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini. Meno yaliyokuwa yameegemea upande mmoja huhamia upande wa pili. Gia mpya inapoingia na klachi kuachiwa, meno hayo hurudi tena upande wa kwanza. Katika gari jipya tendo hili halisikiki. Katika gari lililotumika sana, nafasi ndogo za kila kiungo hujumlishwa, na vyuma hugongana kwa nguvu.

Hivyo basi, mlio mmoja mdogo katika gari lenye umri mkubwa si lazima uwe ubovu. Kinachotakiwa kuangaliwa ni mabadiliko: mlio ambao haukuwepo mwezi uliopita, unaoongezeka, au unaoambatana na mtetemo.

AINA ZA MILIO

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza gari linalia vipi na wakati gani. Dereva anayeweza kujibu maswali haya huokoa muda na fedha, kwa sababu giaboksi haitafunguliwa bure.

1. Mlio wa kugonga mara moja, klachi inapoachiwa au mguu unapotoka kwenye mafuta: mara nyingi chanzo ni krosi, propela shafti, difu, mauntingi au viungo vya tela.

2. Mlio wa kukwaruza gia inapoingia: chanzo ni klachi isiyoachia vizuri, au sinkronaiza ya gia hiyo imelika. Ikiwa gia zote zinakwaruza, klachi ishukiwe kwanza. Ikiwa ni gia moja tu, sinkronaiza ishukiwe.

3. Mlio unaoanza pedali ya klachi inapokanyagwa na kuisha inapoachiwa: mara nyingi ni beringi ya klachi.

4. Mlio unaosikika gari likiwa fri na injini ikizunguka, lakini unaisha klachi inapokanyagwa: mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi.

5. Mlio wa kuvuma unaopanda na kushuka kufuatana na mwendo wa gari: difu au beringi zake.

6. Mlio wa tak-tak-tak gari linapokata kona, kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele: viungo vya nje vya hafu shafti. Mpira wake ukichanika, grisi humwagika, mchanga huingia na kiungo huisha haraka.

KROSI NA PROPELA SHAFTI

Kwa malori na magari kama Hiace, Canter na Fuso, mahali pa kwanza pa kuangalia ni krosi. Krosi ni kipande chenye umbo la msalaba kinachounganisha propela shafti na giaboksi upande mmoja, na difu upande wa pili. Ncha zake nne huzunguka ndani ya vikombe vyenye beringi nyembamba kama sindano. Grisi ikiisha, sindano hizo hulika na krosi hupata mchezo.

Dalili ya mwanzo ni mshindo gari linapoondoka au linapotoka rivasi kwenda gia ya kwanza. Dalili inayofuata ni mtetemo katika mwendo mkubwa. Vumbi la rangi ya kutu kuzunguka vikombe ni alama kwamba ndani hakuna grisi.

Ukaguzi hufanywa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa, na magurudumu yamewekewa vizuizi mbele na nyuma. Baada ya hapo gia huwekwa fri na breki ya mkono huachiwa. Utingo huishika propela shafti kwa mikono na kuizungusha kushoto na kulia, kisha huisukuma juu na chini. Mzunguko mdogo unaotoka kwenye meno ya difu ni wa kawaida. Krosi yenyewe ikionekana kucheza ndani ya vikombe vyake, haifai tena.

Hapa pana tahadhari kubwa. Katika matoleo mengi ya Canter na Isuzu za aina ya N, breki ya mkono haishiki magurudumu bali hushika propela shafti nyuma ya giaboksi. Shafti ikikatika au ikifunguliwa, gari halina tena breki ya mkono. Mtu asiingie chini ya gari la aina hiyo kwa kutegemea breki ya mkono peke yake. Vizuizi vya magurudumu ni vya lazima.

Propela shafti ndefu hugawanywa vipande viwili au zaidi na kushikiliwa katikati na senta beringi. Mpira unaoizunguka beringi hiyo ukipasuka, shafti huning'inia na kugonga kila gia inapobadilishwa. Sehemu ya meno inayoingia na kutoka ili kurefusha au kufupisha shafti nayo hulika isipopakwa grisi.

Krosi inapopigwa grisi, grisi mpya inatakiwa kutokea kwenye vikombe vyote vinne. Ikitokea kwenye viwili tu, vingine viwili bado ni vikavu. Aidha, kabla ya kufungua shafti fundi aweke alama kila upande. Shafti ikirudishwa vibaya na masikio yake yasilingane, itatetemeka na kuua krosi mpya kwa muda mfupi.

Krosi ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, shafti huanguka barabarani upande mmoja au huchapa chini ya gari. Inaweza kukata mabomba ya upepo wa breki na kutoboa tangi la mafuta. Gharama ya krosi moja ni ndogo mno ikilinganishwa na uharibifu huo.

MAUNTINGI ZA INJINI NA GIABOKSI

Injini na giaboksi hukaa juu ya mipira inayoitwa mauntingi. Mpira ukipasuka au ukiloa mafuta, injini huinuka upande mmoja kila nguvu inapobadili mwelekeo, kisha huanguka na kugonga chasisi. Mara nyingi mkono wa gia huonekana ukiruka mbele na nyuma dereva anapokanyaga na kuachia mafuta.

Mauntingi mbovu zina hatari nyingine. Giaboksi inapocheza, fimbo za kuunganisha mkono wa gia huvutwa, na gia inaweza kuchomoka. Gia ikichomoka kwenye tambarare ni usumbufu. Ikichomoka kwenye mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, lori likiwa na mzigo kamili, dereva hupoteza msaada wa injini na kubaki na breki za magurudumu peke yake. Breki zikipata moto mwingi, hazishiki.

KLACHI

Klachi isiyoachia kabisa huacha injini ikiendelea kuzungusha giaboksi hata pedali ikiwa chini. Ndiyo maana gia hukataa kuingia au huingia kwa kelele. Sababu za kawaida ni upepo kwenye bomba la mafuta ya klachi, silinda ya juu au ya chini kuvuja, au urekebishaji wa pedali kuwa mbaya.

Kwa gari dogo kipimo ni rahisi. Gari likiwa limesimama na injini iko kwenye mzunguko wa chini, dereva akanyage klachi hadi mwisho, asubiri sekunde tano, kisha aingize rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza, klachi haiachii vizuri. Kutoa upepo na kubadili mafuta yake huenda kukatosha, bila kushusha giaboksi.

Diski ya klachi nayo ina springi ndogo zinazopunguza mshtuko. Springi hizo zikilegea au kuvunjika, gari huondoka kwa kushtuka na kugonga. Ubovu huu hauonekani mpaka giaboksi ishushwe, hivyo uwe wa mwisho kushukiwa.

Dereva anayeweka mguu juu ya pedali muda wote, au anayelizuia lori kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki, humaliza beringi na diski kabla ya wakati wake.

GIABOKSI ZISIZO NA SINKRONAIZA

Sio kila kelele ni ubovu. Giaboksi za Eaton Fuller, zilizomo katika malori mengi ya Marekani kama Freightliner na International, hazina sinkronaiza kwenye sehemu kuu. Baadhi ya malori ya Kichina yenye giaboksi za Fast ni hivyo hivyo. Dereva aliyezoea Scania au Volvo akihamia kwenye lori la namna hiyo atasikia gia zikilia mpaka ajifunze kulinganisha mzunguko wa injini na mwendo wa gari.

Njia yake ni kukanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kutoa gia na kuweka fri, na mara ya pili kuingiza gia mpya. Katika kupunguza gia, mafuta hukanyagwa kidogo katikati, gari likiwa fri na klachi imeachiwa, ili mzunguko upande.

Malori mengi ya aina hiyo yana breki ya klachi, inayofanya kazi pedali ikifika sakafuni. Kazi yake ni kusimamisha shafti ya giaboksi lori likiwa limesimama, ili gia ya kwanza au rivasi iingie kimya. Kukanyaga pedali mpaka sakafuni lori likiwa kwenye mwendo huiua breki hiyo mapema, na baadaye gia ya kwanza huanza kukwaruza.

Mgawanyo wa gia za chini na za juu katika malori haya hufanywa kwa upepo. Presha ya upepo ikiwa ndogo au bomba likivuja, mgawanyo huchelewa na kelele husikika. Kabla ya kulaumu giaboksi, mabomba madogo ya upepo kwenye mkono wa gia yasikilizwe kama yanavuja.

OILI

Oili ikipungua, meno na beringi hulia na kupata moto. Kiwango hukaguliwa kwa kufungua nati ya pembeni ya giaboksi gari likiwa tambarare na oili imepoa. Kwa giaboksi nyingi, oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu.

Aina ya oili ni muhimu sawa na kiwango. Oili ya daraja la GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu. Baadhi ya viambato vyake vinaweza kudhuru pete za shaba za sinkronaiza kwenye giaboksi iliyoagizwa kutumia GL-4. Kitabu cha gari kifuatwe, na mafundi wasimwage oili moja kila mahali kwa kuwa tu ndiyo iliyopo dukani.

Oili inapomwagwa, itazamwe. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida. Chembe za njano ni dalili ya pete za sinkronaiza kulika. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni dalili ya jino au beringi kuvunjika. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, jambo linalotokea magari yanapovuka barabara zilizofurika.

SPRINGI NA KIUNGO CHA TELA

Wapo madereva waliobadili klachi na krosi, na mshindo ukabaki. Sababu ni kwamba mshindo haukutoka kwenye mfumo wa gia hata kidogo. Yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi zikilegea, ekseli nzima husogea mbele na nyuma kila gia inapobadilishwa. Alama yake ni chuma kinachong'aa au kutu iliyokwanguka pale springi inapokalia. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache tangu springi zilipofunguliwa. Bushi za fimbo zinazoshikilia ekseli za nyuma nazo zikaguliwe.

Kwa malori ya tela, pini ya tela na sahani inayoishika kwenye kichwa hulika. Kichwa kinapovuta au kulegeza, tela husukuma na kugonga. Pini ya kawaida ya inchi 2 ina kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya, na kikomo cha kawaida cha kulika ni milimita 49. Fundi mwenye kipimo huijua hali yake kwa dakika chache. Mchezo mkubwa hapa usichukuliwe kama kelele tu, kwani kiungo hicho ndicho kinachoshikilia mzigo wote.

UZITO

Mzigo kupita kiasi humaliza viungo hivi vyote kwa pamoja. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwezi Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na tela lake. Mzigo unaweza kuwa chini ya kikomo hicho na bado ukaumiza gari ikiwa umerundikwa juu ya ekseli moja. Kuupanga vizuri kunasaidia kwenye mizani, na pia kunalinda difu na springi.

KUENDESHA GARI LIKIWA FRI

Baadhi ya madereva huteremka milima gari likiwa fri ili kuokoa dizeli au kukwepa gia zinazogonga. Kipande cha Salgaa na Sachangwan, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya, kimejulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori, na tabia hii imetajwa mara kwa mara miongoni mwa sababu zake.

Akiba inayotafutwa nayo si ya kweli kwa magari ya kisasa. Injini yenye mfumo wa dizeli unaoongozwa kwa umeme hukata mafuta gari linapoteremka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta. Likiwekwa fri, injini inahitaji dizeli ili isizimike. Aidha, kurudisha gia katikati ya mteremko lori likiwa limeshika kasi ni kazi ngumu, na mara nyingi gia hukataa.

SAFARI IENDELEE AU ISIMAME?

Gari lisimamishwe mahali salama mara moja ikiwa:

- mshindo unaambatana na mtetemo mkubwa;
- gia inachomoka yenyewe;
- propela shafti inaonekana kuning'inia;
- difu inasaga au imepata moto isivyo kawaida;
- tela linagonga na kuyumba.

Gari linaweza kufikishwa polepole kwenye gereji ya karibu ikiwa mlio ni wa mara moja, hakuna mtetemo, oili iko kwenye kiwango na hakuna kiungo kilicholegea.

Kwa mzigo wa tranziti pana jambo la ziada. Lori likiharibika likiwa na lakiri ya forodha, dereva hana ruhusa ya kukata lakiri wala kufaulisha mzigo kwenye gari jingine kwa uamuzi wake. Mamlaka ya mapato ya nchi husika ijulishwe kwanza kupitia wakala wa forodha, na kibali kipatikane. Magari yenye lakiri za kielektroniki hufuatiliwa njia nzima, na kusimama muda mrefu bila taarifa huleta maswali. Dereva aandike saa na mahali alipoharibikiwa, apige picha ya lakiri, na amjulishe mwenye mzigo mapema. Mwenye nyanya au samaki aliyepewa taarifa saa ya kwanza anaweza kuanza kutafuta gari jingine na kibali. Aliyepewa taarifa kesho yake hana cha kuokoa.

KABLA YA KUONDOKA

Ukaguzi wa robo saa unatosha: kuzungusha propela shafti kwa mkono, kupiga grisi krosi, kutazama mauntingi na yubolti, kupima oili ya giaboksi na difu, na kuangalia kiwango cha mafuta ya klachi. Anayenunua lori lililotumika afanye ukaguzi huo huo kabla ya kulipa, kisha aliendeshe gari kwa kubadili gia zote, kupanda na kushuka, akiwa amezima redio.

Kipuri kinapobadilishwa, cha zamani kipelekwe dukani kama sampuli na namba yake ilinganishwe. Mwenye gari naye awe na daftari la tarehe za grisi, oili na vipuri, ili dereva atakayelipokea gari upande wa pili wa mpaka ajue mlio anaousikia ni wa jana au ni wa mwaka jana.